Mwenye Anbiki wa Galbet

Kwa miaka yote niliyofanya biashara Garissa nilimuuzia chupa tupu, naye akaniuzia chupa zilizojaa, na mpaka leo sijui nani alimpunja mwenzake. Hesabu hiyo nimeipiga mara mbili, kama nipigavyo kila hesabu. Mara ya kwanza napata ni mimi niliyepunjwa. Mara ya pili napata ni mimi tena.

Tulimwita Edo, yaani shangazi, na sokoni hakuna aliyemwita kwa jina jingine. Wauza miraa walimwita Edo, askari walimwita Edo, hata wazee waliomzidi umri walimwita Edo walipokuwa na haja naye. Kazi yake ilikuwa kupika marashi. Nyuma ya nyumba yake mtaa wa Galbet, chini ya kibanda cha mabati, alikuwa na chombo cha shaba kilichozeeka mpaka kikawa na rangi ya tende. Humo alichemsha uvumba, rehani, na waridi kavu zilizoletwa kwa magunia, akatoa maji ya kunukia ambayo bila hayo hakuna arusi ya mji ule iliyohesabiwa kuwa arusi. Mimi ni mtu wa pwani. Kwetu mrashi hukaa kabatini pamoja na vyombo vya wageni. Sikutarajia kufundishwa mambo ya marashi na watu wa nchi ya ngamia. Nilifundishwa, na somo lenyewe sikupewa bure.

Chombo kilikuwa na sehemu mbili. Chini kulikuwa na tumbo, nene kama la tajiri. Juu kulikuwa na kichwa chenye mdomo mrefu ulioinama kama wa korongo anayetafuta kitu alichokiangusha. Edo alitia maji na uvumba tumboni, akakivika kichwa, akaziba ukingo kwa donge la unga wa ngano ili mvuke usipate pa kutorokea, akawasha kuni. Mvuke ukipanda unafika kichwani, unateremka mdomoni, na ukikutana na ubaridi unarudi kuwa maji, tone baada ya tone, ndani ya chupa iliyokaa kwenye karai la maji baridi. Nimesema maji baridi kana kwamba ni jambo dogo. Garissa, mwezi wa pili! Maji yalitoka mtoni Tana kwa mkokoteni wa punda yakiwa tayari ya kukandia mzazi, naye aliyalaza kivulini ndani ya mitungi iliyofungwa magunia mabichi. Punda akichelewa, marashi yalichelewa, na bi arusi alingoja.

"Punda ndio meneja yangu," alikuwa akisema. "Mimi karani tu."

Kiswahili chake nitakiandika kama alivyokisema, maana nikikinyoosha kitakuwa changu. Herufi ya pe mara aliitumia, mara aliiona haina faida, akaweka be. Ve aliifanya fe. Ngeli zetu zote alizitazama kama mtu anayeonyeshwa nguo nyingi dukani, akachagua moja na kuondoka. Lakini katika biashara Kiswahili hicho kilimshinda kila mtu aliyekwenda kwake na sarufi.

Sharti lake la kwanza lilikuwa kwamba mwenye haja ataje bei kwanza. Ukimuuliza "Edo, chupa hii bei gani?" alitoa tasbihi akaanza kumtaja Mola. Ukimsubiri, aliendelea. Nimewaona wanaume wenye malori mawili wakisubiri mpaka jasho likawatoka, wakataja bei wao wenyewe, na bei waliyoitaja ilikuwa ya juu kuliko aliyoiwaza yeye. Siku moja niliamua kumsubiri hadi mwisho. Nikakaa. Akazungusha tasbihi yote, akaanza upya.

"Abaayo," akaniambia hatimaye, maana ndivyo alivyomwita kila mwanamke, dada, "wewe nakaa hapa kama mtu nangoja gari ya Modogashe. Gari imejaa. Sema bei."

"Taja wewe, Edo. Mali ni yako."

"Mali ya Mungu. Wewe nanunua kwa Mungu, taja fizuri."

Ukishaambiwa unanunua kwa Mungu, utapunguza nini?

Yeye mwenyewe hakujipaka marashi hata tone. Alinukia moshi wa kuni na chai ya maziwa. Nilipomuuliza, alisema mpishi akishiba chakula kinaharibika. Alikuwa mcha Mungu asiyekosa swala, na pia alikuwa mwongo wa kupindukia katika jambo moja tu: asili ya chombo chake. Mteja akitoka Mandera, chombo kilitoka Mandera. Mteja akiwa Mwarabu wa duka la vitambaa, kililetwa na Mwarabu. Mchungaji wa Kiborana aliambiwa kilikutwa kisimani, kilichimbuliwa na ngamia kwa kwato. Nilizihesabu hadithi hizo, nikazihesabu tena, nikamwuliza ipi ya kweli. Akasema, "Ile utanunua nayo."

Lakini jina la chombo hakulichezea. Wengine walisema sufuria ya Edo, wengine mtambo wa Edo, na mimi muuza vyombo, aibu yangu, nilisema birika kubwa. Aliturekebisha sote, kila mara, bila kuchoka. "Hii anbiki," alisema. Alilitamka kwa heshima, kama mtu anayemtambulisha mkwewe.

Alasiri moja nilimletea chupa nikakuta watu wawili mkekani kwake. Mmoja alikuwa maalim wa duksi, yaani chuo cha Kurani cha mtaa, mtu wa maneno machache na ndevu nyingi. Wa pili alikuwa mwalimu wa kemia wa sekondari, kijana wa bara ambaye alikuja kununua zawadi ya mkewe akabaki akikitazama kile chombo kama aliyekutana na ndugu wa ukoo.

"Anbiki ni Kiarabu," alisema maalim. "Al-anbik. Wataalamu wetu wa zamani waliandika juu yake, walitolea dawa na marashi. Neno ni letu."

"Ni kweli, maalim," alisema mwalimu, "ila Waarabu nao walilipata kwa Wayunani. Wayunani walisema ambiksi. Maana yake kikombe."

Edo aliweka chini kijiko. "Kikombe?"

"Kikombe, Edo. Na mwanzoni halikuwa jina la mtambo wote. Lilikuwa jina la hiki kichwa cha juu tu, chenye mdomo. Tumbo lilikuwa na jina lake. Baadaye jina la kichwa likameza mtambo mzima."

"Hiyo mimi najua," alisema Edo. "Mimi niliolewa."

Maalim alikohoa, sijui kwa moshi au kwa kicheko. Mwalimu aliendelea, maana mwalimu hajui kusimama mpaka kengele ilie. Alisema Wazungu nao walilichukua neno kwa Waarabu, tena wakalichukua na ile "al" ya mbele wakidhani ni sehemu ya jina.

"Umeona tabia?" Edo aliniambia. "Nachukua sufuria ya watu, nachukua na mfuniko."

Tulicheka. Lakini wageni walipoondoka alikaa akiifuta ile shaba kwa majivu na ndimu, akaniuliza kwa sauti ya chini kama ni kweli, Wayunani, Waarabu, Wazungu, wote hao walikuwa na kitu kama hiki? Nikasema mwalimu hana sababu ya kudanganya, hauzi chochote.

"Mwambie yule," akasema.

Yule alikuwa binti yake, mtoto wake pekee, aliyekuwa akimaliza sekondari na ambaye wakati huo alikuwa ndani na mlango umefungwa. Hapo ndipo penye mwiba wa habari hii, kwa hiyo nitasema wazi. Edo alijua kazi ambayo mjini hapakuwa na mwingine aliyeijua: moto wa kiasi gani kwa uvumba, kwa rehani, saa ya kuondoa chupa kabla harufu haijageuka uchungu. Hakuwa na wa kumwachia ila huyo mmoja. Na huyo mmoja hakutaka hata kulitamka jina la chombo. Alikiita "ile kitu." Alisema nguo zake za shule zinanuka kama mazishi, na wenzake wanamuuliza nyumbani kwao wanapika nini kwa bomba.

Swali la bomba halikuwa la watoto wa shule peke yao. Mtu akiona chungu, moto, na mdomo unaodondosha maji ya thamani, anafikiria chang'aa, na katika mji wa Waislamu chang'aa haifikiriwi kwa sauti. Miaka yote wazee walimlinda Edo kwa sababu wake zao walijipaka mali yake. Kisha akaja naibu chifu mpya, Msomali wa upande wa Wajir, kijana mwenye viatu vinavyong'aa, aliyeagizwa na wakubwa wake asafishe pombe haramu tarafani. Waliopika chang'aa kweli, kule ukingoni mwa mto, walipata habari kabla yake na wakahamisha mapipa yao. Edo hakuhamisha kitu, kwa nini ahamishe? Basi siku ya soko, mchana kweupe, askari wawili walipita mbele ya duka langu wamebeba anbiki kwa mti begani kama wawindaji waliopata nguruwe, na Edo nyuma yao, tasbihi mkononi, unga wa ngano bado kwenye vidole.

"Edo, vipi?" nikapaza sauti.

"Wamekamata kikombe!" akajibu bila kugeuka.

Baraza lilikaa mbele ya ofisi ya naibu chifu. Nilifunga duka, jambo ambalo silifanyi ovyo. Anbiki iliwekwa mezani, kichwa kimevuliwa na kulazwa pembeni.

"Mama, hiki ni nini?" aliuliza naibu chifu.

"Anbiki."

"Neno hilo silijui."

"Sasa umejua."

Maalim aliitwa, akasimama, akaeleza vizuri kwamba neno ni la kale, la Kiarabu, na chombo ni cha marashi na dawa. Wazee wakatikisa vichwa. Tungeishia hapo tungekuwa tumepona. Lakini mwalimu wa kemia alikuwepo, amekuja kwa moyo safi kumtetea Edo, na moyo safi ukikutana na elimu hauna breki. Alisimama akasema maalim amesema kweli ila hakuanza mwanzoni, mwanzo ni Wayunani. Maalim akasema Wayunani hawakuitwa barazani. Wakavutana hapo kwa muda, mmoja na Kiarabu chake, mwingine na kikombe chake. Kisha, kusudi aonyeshe jinsi chombo hiki kinavyoheshimiwa duniani kote, mwalimu akasema:

"Hata leo huko Ulaya, mtambo huu huu na jina hili hili ndivyo vinavyotumika kutengenezea pombe kali ya bei ghali sana!"

"Astaghfirullah," baraza zima likasema kwa pumzi moja.

Mwalimu aligundua alichofanya akakaa chini polepole, kama mtu anayekaa juu ya kitu asichokijua. Edo alimtazama. Hakuwa na hasira. Alimtazama kama tunavyomtazama punda aliyemwaga maji baada ya kuyafikisha mlangoni.

"Kisu nachinja mbuzi," akasema Edo kwa wazee. "Kisu naua mtu. Jina yake kisu. Mimi nachinja mbuzi."

Naibu chifu alipiga meza. Alisema yeye hahitaji historia. Alipoingia kwenye kile kibanda alisikia harufu ya chang'aa, na harufu hiyo anaijua sana.

Edo alitoa tasbihi, akahesabu punje kadhaa, na mimi niliyemjua nikasema moyoni: kwisha, kijana ametaja bei.

"Naijua sana," Edo akarudia kwa upole. "Mwanangu, umejulia wapi?"

"Kozini. Tulifundishwa."

"Kunusa, ama kubima na kikombe?"

Kicheko kilianzia nyuma kwa wauza maziwa kikafika mbele kwa wazee, ambao walificha nyuso kwa mashuka yao. Mzee mmoja aliomba chupa ya Edo, akaifungua, akampelekea naibu chifu puani. Akanusa. Uso wake ukabadilika, maana ilikuwa uvumba na waridi, harufu aliyovukiziwa tangu utotoni kila siku ya Idi. Alijua amekosea, sote tulijua amejua. Lakini mtu mwenye cheo akikosea mbele ya watu hutafuta mlango wa nyuma, akautafuta.

"Basi," akasema, "nitaurudisha. Aseme tu hapa mbele ya baraza kwamba huu ni mtambo wa chang'aa, ila yeye anapikia marashi. Nimsamehe, tumalize."

Ilikuwa bei rahisi. Mimi ningelipa. Wazee wote walimgeukia Edo kwa macho ya kusema mama, sema, twende tukale. Hata mimi nilimnong'oneza, "Edo, ni maneno tu."

"Abaayo, mimi iko na mtoto," akanijibu. "Nikisema hiyo neno leo, kesho nani atarithi? Nani nataka kurithi chungu ya bombe?" Akamgeukia naibu chifu. "Hii anbiki. Ukitaka kurudisha, rudisha anbiki. Ukitaka chungu ya chang'aa, kaa nayo, yangu hapana."

Akainuka, akaondoka. Nyuma yake binti yake alikuwa amesimama kwenye ukingo wa umati, buibui limefunika uso mpaka machoni. Sikuweza kujua alisikia nini.

Anbiki ikabaki ofisini, karani akaweka juu yake kofia yake. Edo hakwenda kuiomba. Alikaa uani akinywa chai, na nilipomletea chupa kwa mazoea alizipanga ukutani zikiwa tupu akasema zinapendeza hivyo. Nilizihesabu, nikazihesabu tena.

Aliyevunja jambo hilo hakuwa mzee wala mwalimu. Dada wa naibu chifu alikuwa anaolewa. Sasa, arusi ya Kisomali ina usiku wa wanawake wenyewe, wa buraanbur, ambapo wanaimba mashairi ya kumsifu bi arusi na kucheza mpaka kuta zisikie, na mlangoni kila anayeingia hurashiwa mikono. Wanawake wa Galbet walimtumia mama yake naibu chifu salamu: mikono mikavu haipigi makofi. Maneno hayo tu. Asubuhi iliyofuata mama huyo, mwanamke mwenye umbo la heshima na asiyebeba hata mkoba wake mwenyewe, aliingia ofisini kwa mwanawe, akaondoa kofia ya karani, akajitwika ile shaba kichwani, akapita nayo katikati ya soko. Kila aliyemwuliza, mama umebeba nini, alijibiwa kwa sauti ya muadhini:

"Anbiki ya Edo! Tulikuwa tumeazima!"

Edo alimpokea mlangoni, wakasalimiana kwa salamu ndefu za afya, mifugo na mvua. Habari ya naibu chifu haikuguswa. Kisha akamwuliza mgeni, arusi yenu ya watu wangapi? Na akatoa tasbihi.

Ningependa kusema binti alisikia hayo akatoka chumbani akakunja mikono. Hakutoka. Shuleni walikuwa wamempa jina nisilotaka kuliandika, na ushindi wa mama haukumfutia. Alimaliza masomo, akatafuta kazi, hakupata. Edo naye macho yakaanza kufifia. Kaka yake alikuwa na shamba Rhamu, kwenye mto Daua, akawaita wote wawili. Wakaondoka na lori la mbuzi lililorudi tupu, anbiki imefungwa kwenye godoro. Miaka ikapita. Salamu zilikuja mara moja moja kwa madereva, zikiwa zimepunguzwa njiani kama kila mzigo.

Nilikwenda Rhamu mwishoni mwa miaka ya tisini kufuata biashara ya vitunguu, na nilimkuta kwa kufuata pua. Alikuwa amekaa kitini kivulini mwa migomba, uso ameuelekeza mtoni, amekonda. Mbele yake kulikuwa na moto, juu ya moto anbiki, na mbele ya anbiki binti yake, mikono mitupu, akiziba ukingo kwa unga wa ngano. Wanawake waliotoka ng'ambo ya mto walikuwa wamejipanga na vichupa vyao.

Nilikaa karibu na Edo, nikajitaja. Akanishika kidole gumba akakikanda, salamu yake ya kale.

"Edo, alikubali lini?"

"Mimi hapana fundisha," alinong'ona. "Tulifika hapa, nikaanza kubika peke yangu. Nikaunguza. Kesho nikaunguza tena. Uvumba ya gharama, abaayo, nachoma kama takataka. Yeye natazama, natazama. Siku ingine akanyang'anya kijiko, akasema, mama ondoka, unaharibu."

"Kwani macho yamekufa kabisa?"

"Moja imekufa," alisema. "Ingine nangoja."

Nilimtazama vizuri. Lile jicho lililongoja lilikuwa linanitazama vizuri vile vile.

Binti aliniletea chupa. Nikanusa: ilikuwa ya mama yake, labda kali kidogo, kama sauti ya mtu aliyeanza kuimba peke yake. Nikaitaka. Nikataja bei, bei yetu ya Garissa, ya watu wanaojuana. Binti akacheka, akataja ya kwake. Nilishika kifua.

"Binti yangu, mimi na mama yako tumetoka mbali! Hakuna bei ya rafiki?"

"Rafiki ni wa mama," akasema, akiifuta shaba kwa upindo wa kanga. "Mimi nina anbiki."

Edo aligeuza uso haraka kuelekea mtoni, lakini mabega yalimsaliti, yalikuwa yanatikisika. Nikalipa.